Vigeu Alivyoviacha Fundi

Siku mashine kubwa ya kufuma masweta ilipogoma, fundi wake alikuwa na siku kumi na tisa kaburini, na mjane wake alikuwa amekaa hatua ishirini tu kutoka kwenye mashine hiyo, akiunganisha kola.

Kiwandani walimwita Bi Kola. Miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: unachukua sweta lisilo na shingo, unachukua kola yake, unavivika vitanzi vya uzi kimoja kimoja kwenye meno ya sahani ya duara, mia na kumi na mbili, halafu unakanyaga pedeli sindano ipite kuvifunga. Ukiruka kitanzi kimoja, hakuna atakayejua leo. Mtoto atalivaa sweta mara tatu, mara nne, kisha shingo itaanza kufumuka yenyewe. Bi Kola hakuwa mtu wa kuruka kitanzi. Hata sasa alikuwa hajaruka.

Alirudi kazini siku ya nne baada ya maziko. Mama Pacha, jirani yake wa mezani, alimshika bega. "Shoga, nenda nyumbani ukapumzike. Hakuna atakayekulaumu."

"Nyumbani kuna nini?" aliuliza Bi Kola. Wala hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi.

Mumewe alianguka bafuni asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. Miaka hamsini na mmoja, hana presha, hana sukari, hana lolote ila mizaha mingi kupita umri wake. Tangu hapo Bi Kola alikuwa kama aliyefunikwa blanketi zito: sauti zilimfikia, lakini zilichelewa, na zikifika zilikuwa zimechoka. Akipewa chakula alikula. Akiitwa aliitika. Mama mkwe wake, waliyeishi naye nyumba moja, alikuwa akilia kwa niaba ya wote wawili, na wakati mwingine alimtazama mkwewe kwa jicho la kumwogopa.

Sasa hiyo mashine. Ilikuwa imekuja oda ya masweta ya shule, saizi ambayo kiwanda hakikuwahi kufuma. Zamani ungemwambia fundi, naye angekaa mbele ya kompyuta iliyofungwa ubavuni mwa mashine, agonge herufi mbili tatu, na uzi uanze kwenda. Meneja, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Dakika kwa jinsi alivyokuwa hachoki kuitazama saa yake ya mkononi, aliona si kazi ya kumshinda. Alikaa akafuta hapa, akaandika pale. Mashine ikatoa mlio mmoja, ikaandika kwenye skrini: MSTARI WA 41, SIJAELEWA. Ikanyamaza.

Ilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu kampuni iliyouza mashine ikamleta mtaalamu, binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, miwani ikimteleza puani. Alikaa na programu ya marehemu asubuhi nzima. Kwenye saa sita akamwendea meneja.

"Lugha yenyewe haina shida," alisema. "Ni lugha ndogo sana hii, ina amri kumi na moja tu. Sisi tunamruhusu mnunuzi aziandike kwa lugha yake, na fundi wenu aliziandika kwa Kiswahili safi kabisa. WEKA, FUMA, RUDIA, KAMA, BASI. Mstari wa 41 nimeshaurekebisha. Kinachonishinda ni majina. Kuna kitu humu kinaitwa SHEMEJI. Kuna PAZIA. Kuna NGAZI. Sijui kipi ni urefu wa mkono na kipi ni upana wa kifua. Nikibadilisha kwa kubahatisha, mtapata sweta la pweza."

Mzee Dakika alitazama saa. Kisha akatazama meza ya waunganishaji.

Ndivyo Bi Kola alivyokalishwa kwenye kiti cha mumewe. Kilikuwa kirefu kwake, miguu haikufika chini. Aliiweka kwenye ubao unaounganisha miguu ya kiti, akasubiri.

"Mama, umewahi kusoma programu?" aliuliza binti.

"Nasoma vitanzi."

"Basi hutapata tabu. Anza na hiki, kinaitwa kigeu. Chukulia ni kopo la jikoni. Umelibandika karatasi imeandikwa SUKARI. Leo mna vijiko vitano, kesho viwili, jina la kopo ni lile lile. Mashine ikiliona jina, inafungua kopo na kuchukua kilichomo."

"Na nikitia chumvi kwenye kopo la sukari?"

"Itachukua chumvi. Haijali jina. Jina ni la kutusaidia sisi."

Bi Kola aliitikia kwa kichwa. Binti akamwonyesha mistari michache kwenye skrini.

WEKA NGAZI = 7
RUDIA NGAZI
FUMA UPANA
UPANA = UPANA - 2
MWISHO

Bi Kola aliisoma polepole, kidole kikigusa kioo. Akarudi mstari wa nne, akakaa nao.

"Huu ni uongo," alisema.

"Upi?"

"Upana ni sawasawa na upana toa mbili. Haiwezekani. Kitu hakiwezi kuwa sawa na chenyewe kikiwa kimepungua."

Binti alitabasamu, akasogeza miwani. "Ingekuwa habari, ungekuwa uongo. Hii ni amri, mama. Isome kuanzia kulia. Chukua upana uliopo koponi, toa mbili, kinachopatikana kirudishe koponi."

"Na kile cha mwanzo kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Hakipo tena. Kopo linabeba kimoja tu kwa wakati."

Bi Kola akasema, "Haya." Akaendelea kuutazama mstari ule, macho makavu, mpaka binti alipokohoa kidogo.

"Sasa nisaidie. NGAZI ni nini?"

"Ngazi za kwetu. Tunakaa ghorofa ya kwanza. Ukipanda ngazi saba unafika pa kugeukia." Aliangalia skrini tena. "Hii ni begani. Sweta linapungua kidogo kidogo, mara saba, linafika shingoni. Hapo ndipo mimi naanzia."

Binti aliandika haraka kwenye daftari. "Na PAZIA? Lina nne ndani yake."

"Mwaka tuliooana nilipima dirisha la sebuleni vibaya. Pazia likaishia juu ya kizingiti, pungufu ya vidole vinne. Alinikataza nisilishushe. Kila mgeni alionyeshwa." Bi Kola alisema yote hayo kwa sauti moja, kama anayesoma orodha. "Itakuwa mistari ya kuongeza chini, kwenye pindo. Masweta ya mwanzo yalikuwa mafupi, wateja wakalalamika."

"Ndiyo! Inaongezwa mwishoni. Na SHEMEJI?"

Bi Kola aliutafuta kwa kidole mstari wenye jina hilo. Mstari ulisema hivi:

KAMA SHEMEJI > 0 BASI FUMA SHEMEJI

"Huu ndio aliouharibu meneja," binti alieleza. "Alifuta BASI. Ukishaandika KAMA, lazima BASI ifuate."

"Hata mtu ndivyo. Ukimwambia 'kama ukija' halafu ukanyamaza, atakusimamia hapo mdomo wazi." Bi Kola alisogea karibu na kioo. "Hiyo SHEMEJI inatoka wapi?"

"Anagawa vitanzi vyote kwa ua moja la nakshi. Mia mbili na thelathini kwa kumi na mbili. Yanatoka maua kumi na tisa, vinabaki vitanzi viwili."

"Basi ni hivyo viwili. Kaka yangu alikuja kwetu kutafuta kazi, akasema siku mbili. Alikaa miezi minne. Vyumba viwili, mama ana chake, sisi tuna chetu, yeye kwenye kochi. Mume wangu alikuwa akisema, nyumba hii ukiigawa vyovyote vile, shemeji anabaki."

Binti alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akavua miwani akafuta macho kwa mkono wa blauzi. "Samahani, mama. Samahani sana."

"Cheka tu," alisema Bi Kola. Akakunja mikono mapajani, akamngoja amalize.

Kufikia saa tisa walikuwa wamefungua makopo yote isipokuwa moja. Binti alibadilisha namba za saizi mpya, na mashine, baada ya siku tatu za ububu, ikaanza kunguruma. Waunganishaji walipiga makofi. Mzee Dakika alikuja akiwa anasugua viganja.

"Limebaki moja," binti alisema. "Mwisho kabisa wa programu. Kila masweta kumi yakitoka, inakuja hapa."

RUDIA KIGANJA
MWISHO

"Hiki ni kitanzi kitupu."

Bi Kola aliinua kichwa. "Kitanzi kiko wapi?"

"Samahani, si cha uzi. Nasi RUDIA mpaka MWISHO tunaiita kitanzi, kwa sababu mashine inazunguka humo. Kwa kawaida katikati kunakuwa na kazi, fuma hiki, hesabu kile. Hapa katikati hamna kitu. KIGANJA ni elfu tisa. Mashine inazunguka mara elfu tisa bila kufanya chochote, halafu inaendelea na kazi. Ni kama dakika sita hivi."

"Dakika sita!" Mzee Dakika aliruka. "Kila masweta kumi? Kwa siku hiyo ni saa moja na nusu mashine imesimama! Ya nini?"

Wote wawili wakamgeukia Bi Kola.

Mwaka juzi kiganja chake cha kulia kilivimba. Daktari alimfunga bendeji, akamwambia apunguze kazi ya kujirudia, na Bi Kola akaenda bafuni akaifungua bendeji kabla ya kuingia kiwandani, kwa sababu aliyekuwa na bendeji mwaka ule alikuwa na barua ya kuachishwa. Mumewe aliiona bendeji kwenye mfuko wa gauni. Hakusema neno, yeye ambaye alikuwa na neno kwa kila kitu. Lakini wiki ile ile mashine ikaanza tabia ya kusimama. Inafuma, inafuma, kisha inatulia kidogo, ikinguruma bila kutoa kitu, na rundo la masweta kwenye meza ya waunganishaji likapata kupungua. Bi Kola alipata muda wa kunyoosha vidole. Nyumbani alimwambia, "Mashine yako inazeeka." Mumewe akajibu, "Mwenyewe je?" wakaishia hapo.

"Ya nini, mama?" meneja alirudia.

Alilijua jibu. Lilikuwepo, zima zima. Lakini mdomo haukuona sababu ya kulitoa.

"Sijui," alisema.

Binti akaandika WEKA KIGANJA = 0. Dakika sita zikaisha papo hapo.

Mtaalamu alikaa siku mbili zaidi, akimfundisha Bi Kola kila alichoweza kumfundisha kwa siku mbili. Kwamba mashine inasoma kuanzia juu kwenda chini na haijui kurukia mbele kwa hamu. Kwamba ULIZA inaifanya isimame ingoje mtu aandike namba. Kwamba mstari ukianza na nyota mashine haiusomi, ni wa watu. Kwamba haina hasira wala huruma: ukikosea herufi moja itakuambia haikuelewa, na ukiikosea vizuri, kwa maana ya kuandika kosa linaloeleweka, itakutii mpaka mwisho. Aliondoka akimwachia karatasi yenye amri kumi na moja kwa mwandiko wa mkono. Meneja akaamua kwamba asubuhi Bi Kola atakuwa mtu wa mashine, na mchana atarudi kwenye kola.

Mama mkwe alizipokea habari kwa machozi mengine. "Umekaa kwenye kiti chake, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Kirefu."

"Na ulijisikiaje?"

Bi Kola alijaribu kwa dhati kutafuta jibu, kwa kuwa mama wa watu alikuwa anangoja. "Miguu haikufika chini," alisema.

Bila zile dakika sita, rundo lilipanda. Siku ya kwanza lilifika kiunoni. Siku ya tatu Mama Pacha alikuwa haonekani akiwa ameketi, unasikia sauti tu ikitoka nyuma ya mlima wa kijivu: "Jamani, niko hai!" Waunganishaji wanne walikuwa wakivika vitanzi mbiombio bila kuhesabu, na hata chai wakainywa wakiwa wamesimama. Vidole vya Mama Pacha vikaanza kufa ganzi kuanzia kidole kidogo. Bi Kola alikuwa anaviona. Aliona pia kiganja chake mwenyewe kikijaa tena, kikang'aa, na alikitazama kama kitu kilichosahaulika mezani na mtu mwingine.

Wiki ya tatu yalirudi magunia mawili. Shule iliyatuma na barua fupi: shingo zinafumuka. Mzee Dakika aliyamwaga yote juu ya meza, masweta mia na kitu, kola zikining'inia kama ndimi.

"Nani kafanya hivi?" alipiga kelele. "Miaka yote hatujawahi kurudishiwa hata moja! Nani karuka vitanzi?"

Mama Pacha alificha vidole chini ya meza. Bi Kola aliona vikifichwa, akasimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Sote," alisema. "Mimi pia. Hili hapa ni langu, najua nilivyofunga fundo. Meneja, uliniuliza kile kitanzi kitupu ni cha nini."

"Ukasema hujui."

"Nilijua. Ni mkono wangu huu." Akauweka mezani, juu ya masweta, kiganja juu. "Uliumwa mwaka juzi. Marehemu aliifanya mashine itusubiri. Alianza kwa ajili yangu, ikawa ya meza nzima. Mlipokiondoa kitanzi kile, ndio haya."

Mzee Dakika aliutazama ule mkono. Kwa mazoea akaitazama saa yake, kisha akaivutia mkono wa shati juu yake, kama mtu aliyekutwa anafanya jambo lisilofaa mbele ya wageni.

"Mbona hukusema, mama?"

"Sijui," alisema Bi Kola, na safari hii ilikuwa kweli.

Meneja alimwambia arudishe elfu tisa. Bi Kola akasema elfu tisa ilikuwa kwa masweta ya zamani, haya ni makubwa, vitanzi vyake vingi zaidi. Aliazima ile ile saa ya meneja, akakaa nyuma ya waunganishaji asubuhi nzima akipima kila mmoja anachukua muda gani kwa kola moja. Kisha akapanda kitini, akaifungua karatasi ya amri, na akaandika kwa kidole kimoja, akisoma kila herufi kwa sauti.

ULIZA RUNDO
KAMA RUNDO > 40 BASI RUDIA 11000
MWISHO

Kigeu alikiita RUNDO kwa sababu lilikuwa rundo. Mizaha haikuwa yake. Kuanzia hapo, kila masweta kumi mashine ilisimama ikiuliza, na muunganishaji mmoja alikwenda kuhesabu na kuandika masweta mangapi yanangoja mezani. Yakizidi arobaini, ilipumzika. Yasipozidi, iliendelea. Siku ya kwanza Mama Pacha aliandika mia tisa, akarudi kwenye kiti chake akajinyoosha na kufumba macho. Bi Kola aliiona ile namba kwenye skrini. Akaiacha ilivyo.

Magunia hayakurudi tena. Barua ya kumpa Bi Kola kazi ya mashine moja kwa moja ilikuja mwisho wa mwezi. Kwenye meza ya kola wakamweka msichana mpya mwenye vidole virefu. Seremala wa kiwanda alikata miguu ya kiti kwa msumeno, akauliza, "Hapa panatosha, mama?" na miguu ya Bi Kola ikafika chini.

Kosa lake kubwa alilifanya mwezi wa pili. Ilikuwa saizi ya watoto wa chekechea, na alitaka kuiandika programu yote mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza. Sehemu ya mkono aliandika ifumwe mpaka UREFU ufike sabini, ila akasahau mstari wa kuongeza UREFU kila mzunguko. Ulibaki sifuri. Mashine ikafuma mstari mmoja wa mkono wa sweta. Ikaangalia, UREFU ni sifuri, bado. Ikafuma tena. Bi Kola alikuwa upande wa pili akibadilisha koni ya uzi. Aliporudi, mkono ulikuwa umeshuka mpaka sakafuni, umepita chini ya meza ya waunganishaji na unaendelea kwenda mlangoni.

"Huyu mtoto ni nani?" alipiga kelele Mama Pacha. "Anataka kuokota kitu nchi jirani?"

Wanne wote waliacha kazi. Msichana mpya akauvaa shingoni, akamzungushia Mama Pacha, Mama Pacha akamzungushia mwingine, wakawa wamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni, wanacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hata Mzee Dakika alitoka ofisini, akashika ncha ya mkono ule, akaupima kwa hatua. Hatua saba na nusu.

Bi Kola alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kusimamisha. Alisimama pale, mkono mmoja kwenye kibodi, akiwatazama. Alijua kwamba inachekesha. Alijua vile mtu aliye ndani, dirisha limefungwa, anavyojua kwamba nje kunanyesha. Akawaza kwamba marehemu angetaka uning'inizwe ukutani, na kila mgeni aonyeshwe.

"Nipeni," alisema, walipokwisha.

Aliukata kwa mkasi karibu na sindano. Akatafuta ncha ya uzi, akavuta, na mkono wa sweta ukaanza kufumuka mstari kwa mstari, ukijiviringa kwenye kiganja chake kuwa donge. Msichana mpya alikaa upande wa pili akimshikia. Ilichukua muda. Yalipatikana madonge matatu makubwa, akayarudisha kwenye rafu ya uzi wa kijivu. Kisha akakaa kwenye kiti, akarudi kwenye mstari wa kumi na sita, akaandika UREFU = UREFU + 1, akausoma kuanzia kulia, akawasha mashine.

Saa nane na nusu mkono wa kwanza ulitoka, mfupi, wa kumtosha mtoto wa miaka minne. Akaupima kwa futi, akauweka mezani, akaandika kipimo chake, akangoja wa pili.